Hekalu, Frimasoni na Karatasi Nne za Fotokopi



Wapendwa wasomaji, juma hili nilikusudia kuendelea na tafakari juu ya Zaburi, lakini tukio la Jumanne limenibadilishia mpango. Baada ya Misa ya asubuhi mama mmoja wa parokia yetu alinisubiri mlangoni mwa sakristia. Mkononi alikuwa na karatasi nne za fotokopi, zimekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi kiasi kwamba maandishi ya katikati yalikuwa yameanza kufutika. Binti yake wa pili anafanya kazi Nairobi. Huko amejiunga na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale tunaozoea kuwaita Wamormoni, na sasa amechumbiwa na kijana wa kanisa hilo. Wataunganishwa katika hekalu lao la Nairobi, na mama amekwisha kuambiwa, kwa upole lakini bila kificho, kwamba yeye hataruhusiwa kuingia.

Karatasi zile alipewa na shemeji yake. Zinadai kwamba ibada zote za hekalu la Wamormoni ziliibwa kwa Frimasoni, na kwa hiyo ni za shetani. Mama aliniuliza swali moja tu: “Baba Paroko, hizi nimtumie mtoto?” Nilimwomba aniachie mpaka Ijumaa. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomwambia Ijumaa hiyo, nikiongeza machache, na ameniruhusu kuyaandika.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Ibada ya Jumapili ya Wamormoni hufanyika katika kanisa la kawaida, na mtu yeyote aweza kuingia na kuketi. Hekalu ni kitu kingine. La Nairobi liliwekwa wakfu mwezi Mei 2025. Kabla ya siku hiyo watu wote walikaribishwa kulitembelea, kama ilivyo desturi yao, na tangu siku hiyo wanaingia tu waumini wenye kibali baada ya kuhojiwa na viongozi wao. Ndani yake hufanyika kuoshwa na kupakwa mafuta, kisha ibada ndefu wanayoiita endaumenti, ambamo mwamini hufundishwa habari ya uumbaji na ya Adamu na Hawa, huweka maagano, na mwishoni hupita katika pazia. Humo pia wanandoa huunganishwa kwa umilele, na walio hai hubatizwa kwa niaba ya wafu. Maneno na ishara za ndani zimechapishwa na watu wengi waliotoka katika kanisa hilo, nami nimezisoma, lakini sitazieleza hapa. Watu hao wameahidi kuzitunza, na kuanika kitu ambacho jirani anakiona kitakatifu si njia ya kumshawishi.

Je, ni kweli kwamba ziliibwa kwa Frimasoni? Tutazame tarehe. Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo, alipokewa Frimasoni tarehe 15 Machi 1842 katika mji wa Nauvoo, jimbo la Illinois, nchini Marekani. Kesho yake alipandishwa mpaka daraja la tatu. Tarehe 4 Mei mwaka huohuo, yaani majuma saba baadaye, katika chumba cha ghorofani juu ya duka lake la matofali mekundu, ndipo alipotoa endaumenti kwa mara ya kwanza kwa wanaume tisa. Zipo aproni pande zote mbili. Zipo namna za kushikana mikono, ishara na viapo vya siri, na zipo alama za skwea na bikari, vyombo vya fundi mwashi. Mpaka mwaka 1990 ibada ya Wamormoni ilikuwa hata na ishara za adhabu kwa atakayetoboa siri, kama zilivyokuwa za Frimasoni. Mtu anayesema kwamba mfanano huo ni wa bahati tu anajidanganya. Kwa kweli Wamormoni wenyewe hawakuwahi kuuficha wao kwa wao: mwezi Juni 1842 Heber Kimball, mmoja wa mitume wao, ambaye naye alikuwa Frimasoni, alimwandikia mwenzake Parley Pratt kwamba ufanano upo, na kwamba kwa maelezo ya Joseph, Frimasoni walichukua mambo yao katika ukuhani wa kale, yakaharibika mikononi mwao.

Hata hivyo shemeji anakosea akisema “zote”. Kuoshwa na kupakwa mafuta kulifanyika Kirtland, katika jimbo la Ohio, mwezi Januari 1836, miaka sita kabla Joseph Smith hajapokewa Frimasoni, na asili yake yaonekana wazi katika kitabu cha Walawi sura ya 8, pale Musa anapowaosha Haruni na wanawe, anawavika na kuwapaka mafuta. Ubatizo kwa ajili ya wafu aliuhubiri mwezi Agosti 1840 katika mazishi. Zaidi ya hayo, Frimasoni hawakupokea wanawake, lakini Emma, mke wa Joseph, alipewa endaumenti mwaka 1843. Na habari ya Adamu na Hawa, ambayo ndiyo mwili wa ibada yenyewe, haikutoka katika nyumba za Frimasoni. Kwa hiyo aliyetazama kwa haki atasema hivi: Joseph Smith alichukua umbo, tena kwa wingi na kwa haraka, akalijaza mambo yake.

Utetezi wa zamani, ule wa kwamba Frimasoni walirithi mabaki ya ibada za Mfalme Sulemani, hausimami tena. Chama cha Frimasoni kama tunavyokijua kilijipanga London mwaka 1717, kikitumia desturi za mafundi waashi wa Uingereza na Uskoti. Hadithi yao ya kuuawa kwa fundi Hiramu ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1730. Hakuna uzi unaotoka hapo mpaka Yerusalemu. Tena tunajua vizuri kilichofanyika katika hekalu la Yerusalemu, maana Maandiko yanatueleza: dhabihu, ubani, zaburi, mikate mbele ya Mungu, na Kuhani Mkuu kuingia Patakatifu pa Patakatifu mara moja kwa mwaka. Hakuna ndoa iliyofungwa humo, wala hakuna mtu aliyebatizwa humo kwa ajili ya babu yake. Msomi wao mashuhuri, Hugh Nibley, aliyefariki mwaka 2005, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta mfanano katika Misri ya kale na katika maandishi ya Wakristo wa mwanzo. Mtu mwenye elimu kama ile akitafuta mfanano ataupata. Wanadamu wote huosha, huvika na hupita milangoni. Sasa wasomi wao wengi wametulia katika utetezi mwingine: kwamba Mungu alimpa Joseph ufunuo, naye akatumia chombo kilichokuwa karibu na mkono ili kuufundisha. Utetezi huu sikubaliani nao, lakini nauheshimu kuliko ule wa kwanza, kwa sababu hauhitaji kubadili tarehe za historia.

Na hapa ndipo nilipomwambia mama neno ambalo hakulitegemea. Nilimwambia kwamba hoja ya wizi ikitumwa Nairobi itarudi kwetu kabla ya juma kwisha. Kasula ninayoivaa katika Misa ilikuwa joho la kawaida la Warumi. Pete ya ndoa tuliichukua katika uchumba wa wapagani wa Roma. Umbo la basilika lilikuwa la majumba ya hukumu na biashara. Ubani ulifukizwa mbele ya sanamu za makaisari, na Wakristo walikufa kwa kukataa kuufukiza, kisha baada ya vizazi vichache tukauingiza kanisani. Binti huyo amesoma, atauliza, “Mama, na hizo nazo ziliibwa?” Mama atajibu nini? Hata suala la siri tusilikimbilie haraka. Katika karne za kwanza wakatekumeni walitolewa nje kabla ya Ekaristi, na hawakufundishwa Sala ya Bwana wala Kanuni ya Imani mpaka walipokaribia ubatizo.

Vivyo hivyo juu ya mabadiliko. Wapinzani wa Wamormoni hupenda kusema: kama ibada hizi zilirudishwa kutoka mbinguni, mbona zilibadilishwa mwaka 1990, na tena Januari 2019, pale viapo vya wanawake vilipoandikwa upya? Ni swali zuri, lakini Misa niliyobatiziwa mimi si ile waliyobatiziwa wazazi wangu. Tunajibu kwamba Kanisa lina mamlaka juu ya taratibu, si juu ya kiini. Nao hujibu hivyohivyo.

Basi, je, tumebaki bila la kusema? La hasha. Nadhani hoja ya asili imetufanya tutazame mlango wa nyuma, ilhali swali liko mlango wa mbele. Hatukudai kamwe kwamba kasula ilishonwa na Musa. Tunasema wazi ilikotoka, na imani yetu haipotezi kitu. Kanisa la Joseph Smith lilidai jambo kubwa zaidi: kwamba Wakristo wote walipotea, kwamba ibada ya kweli ilitoweka duniani kwa karne nyingi, na kwamba yeye aliirudisha. Dai likiwa kubwa kiasi hicho, basi kuonekana kwa umbo la London la karne ya 18 ndani ya kitu kilichorudishwa si jambo dogo. Kukopa si kosa. Ila huwezi kunirudishia kitu ambacho hakikuwepo.

Lakini lenye uzito zaidi kwangu ni pazia. Mwinjili Mathayo anasema kwamba Bwana wetu alipokata roho, pazia la hekalu lilipasuka vipande viwili toka juu hata chini. Yohane anasema kwamba hekalu alilolinena Yesu, litakalobomolewa na kusimamishwa kwa siku tatu, ni mwili wake. Naye alipohojiwa na Anasi alijibu kwamba alinena waziwazi na ulimwengu, wala kwa siri hakusema neno. Ndiyo maana wakatekumeni wetu walitolewa nje kwa kitambo, wakiwa njiani kuelekea ndani, na siku hizi mlango umefunguliwa kabisa: asiyebatizwa aweza kuhudhuria Misa nzima, na kuona kila kitu. Kutundika pazia upya baada ya Ijumaa Kuu, na kuweka nyuma yake mambo ambayo bila hayo mtu hafikii utukufu wa juu kabisa wa mbinguni, hilo ndilo nisiloweza kulikubali, hata kama kila kipande cha ibada kingekuwa kimetoka Yerusalemu moja kwa moja.

Tuone na historia ya mlango huo, maana sisi Waafrika inatuhusu. Alikuwepo mwanamke mweusi, Jane Manning James, mzaliwa huru wa Connecticut. Mwaka 1843 yeye na jamaa yake walikataliwa kupanda mashua huko Buffalo, wakatembea kwa miguu mamia ya maili mpaka Nauvoo, wakiwa na miguu inayotoka damu. Alifanya kazi katika nyumba ya Joseph Smith mwenyewe. Baada ya Joseph kuuawa mwaka 1844 aliwafuata wenzake mpaka Utah, na alipofika uzeeni aliwaomba viongozi, mara kwa mara, wampe ibada za hekalu kama waumini wengine. Walikataa, kwa sababu ya rangi yake. Hatimaye mwaka 1894 walitunga ibada ya pekee ya kumuunganisha na Joseph Smith kwa umilele wote: si kama binti, bali kama mtumishi. Na hata hiyo hakuruhusiwa kuingia kuipokea; mwanamke mweupe alisimama kwa niaba yake. Alifariki mwaka 1908. Mlango ulifunguliwa kwa watu weusi Juni 1978, na mwaka uliofuata Jane alifanyiwa endaumenti kwa niaba, miaka 71 baada ya kifo chake. Mwaka 2013 kanisa hilo lilizikana hadharani nadharia lililozitumia zamani kuhalalisha katazo hilo.

Siyasemi hayo kwa kujisifu. Wajesuiti wa Maryland waliuza watumwa 272 mwaka 1838, na baadhi yao walikuwa wamebatizwa kwa mikono ya mapadre haohao. Dhambi hiyo ni yetu. Lakini mtumwa yule aliyeuzwa, alipopata kanisa na padre, Ekaristi aliyopokea ilikuwa ileile aliyopokea Askofu. Ya Jane ilitungwa iwe tofauti. Kama ningekuwa na nafasi ya kuzungumza na binti wa mama huyu, ningemwomba asome habari za Jane kabla ya kusoma lolote juu ya Frimasoni. Sina haja ya kumtia hasira. Wapo Wamormoni wengi wampendao Jane na kumlilia. Ningependa tu ajiulize ni kitu gani katika ukoo wa ibada hii kiliruhusu jambo lile lionekane jema kwa watu wacha Mungu.

Mama aliniuliza pia juu ya wafu. Amesikia kwamba wanaweza kumbatiza marehemu mumewe, na hilo limemnyima usingizi. Wamormoni hutegemea maneno ya Mtume Paulo katika Wakorintho wa Kwanza 15:29, ambapo anataja kwa kupita watu wanaobatizwa kwa ajili ya wafu. Paulo hasemi “sisi”, wala haamuru. Anatumia desturi ya watu fulani kuthibitisha ufufuko. Mtakatifu Yohane Krisostomo anasimulia, kwa kejeli kidogo, jinsi wafuasi wa Marsioni walivyomficha mtu hai chini ya kitanda cha maiti ili aitikie kwa niaba yake. Wamormoni wa leo, tuwatendee haki, husema kwamba marehemu ana hiari ya kukubali au kukataa. Lakini Wayahudi hawakuridhika walipoona majina ya ndugu zao waliouawa na Wanazi katika orodha hizo, na mwaka 1995 kanisa hilo liliafikiana nao kuacha. Nasi tunalo agizo: mwezi Aprili 2008 Kongregasio ya Wakleri iliwaandikia maaskofu kwamba daftari za parokia zisitolewe kupigwa picha kwa ajili ya kazi hiyo. Daftari za parokia yetu ziko katika kabati, na ufunguo ninao mimi. Nilimwambia mama alale. Maji ya mtu mwingine hayamgusi mumewe, aliyebatizwa mara moja na kuzikwa katika imani yake.

Kuhusu binti nilipaswa kusema yaliyo magumu zaidi. Mwaka 2001 Roma iliulizwa kama ubatizo wa Wamormoni ni halali, na jibu la tarehe 5 Juni lilikuwa hapana. Padre Luis Ladaria, ambaye baadaye alikuwa Kardinali, alieleza sababu: majina ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu yapo, lakini yanamaanisha jambo jingine kabisa, si Mungu mmoja katika nafsi tatu. Kwa hiyo kijana yule, machoni petu, hajabatizwa, na ndoa ya binti Mkatoliki pamoja naye, bila ruhusa ya Kanisa, si halali. Sikumficha mama hilo. Lakini upande wa pili wa sheria hiyohiyo ni kwamba ubatizo wa binti mwenyewe haukufutika. Alama aliyopewa akiwa mtoto wa majuma sita katika kisima chetu cha ubatizo ingalipo, na akirudi hatabatizwa tena, ataungama.

Nilimweleza pia jambo ambalo karatasi za shemeji hazikulitaja. Zamani, huko Marekani, Wamormoni waliofunga kwanza ndoa ya wazi walingojea mwaka mzima kabla ya kuunganishwa hekaluni, na wazazi wengi wasio Wamormoni walibaki nje wakitazama ukuta siku ya harusi ya watoto wao. Mei 2019 kanisa hilo liliondoa sharti hilo. Sasa wapenzi waweza kufunga ndoa mbele ya watu wote na kwenda hekaluni baadaye, bila kungoja. Basi mama ana haki ya kuuliza kama kutakuwa na sherehe ya wazi. Kama atahudhuria au la, na kwa namna gani, hilo tutazungumza; kumpenda mtoto hakumlazimu kusema kwamba jambo lisilo sawa ni sawa.

Jumamosi alirudi akiwa na barua. Ameiandika kwa mkono wake, kurasa mbili, akaniomba nimsomee kama kuna kosa. Nilisahihisha neno moja tu. Hakumtaja Frimasoni yeyote. Amemweleza juu ya mahindi na juu ya mguu wa bibi, amemkumbusha jina la msimamizi wake wa ubatizo, amemwambia kwamba baba yake anaombewa Misa kila Novemba, na amemuuliza tarehe, kama kutakuwa na sherehe ya wazi, na kama avae kitenge au gauni. Karatasi za shemeji aliniachia. Barua imeondoka na basi la jioni.